Aliyekutuma njo alete ushahidi

Ndugu raia wa Kamina na wa Haut-Lomami yote, ba papa, ba mama, na ninyi vijana wenzetu,

Tangu tarehe 3 Novemba 2022, siku Rais Tshisekedi alipoongea ku televizyo na kuwaita vijana waingie jeshini juu ya vita ya mashariki, mazungumzo ya kazi hapa kwetu yamebadilika. Zamani ukimaliza chuo kikuu watu walikuuliza: "Umepeleka barua wapi?" Leo wanakuuliza: "Mbona hauendi Baka?" Anayeuliza ni mjomba, ni jirani, wakati mwingine ni pasta. Na kama si Baka, wanakuambia Kaniama-Kasese, ku Service National, ukalime mahindi na kujenga inchi. Sisi wenye diplome na bila kazi tunasikia maneno hayo karibu kila juma.

Hatuko adui wa jeshi. Katiba yetu, katika artikle 63, inasema kwamba kulinda inchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Tunakubali. Lakini wajibu una pande mbili, na upande wa pili ku televizyo hauongelewi. Mwanajeshi akigonjwa miaka 20 baadaye, kwa kitu alichokipumua ao alichokishika akiwa kazini, nani anamtunza? Na nani anaamua kama ugonjwa ule ulitoka ku kazi?

Swali hilo la pili njo zito. Watu wengi wanalipita mbio, sisi tunataka kulikalia.

Risasi inaacha alama. Mguu uliokatwa kila mtu anauona. Hata kwa mwenye kukatwa mguu mambo si mepesi, lakini angalau hakuna anayemwambia kwamba mguu wake ulikatika kwa uzee. Ugonjwa hauko hivyo. Mapafu yanachoka polepole. Kansa inakuja wakati uniforme imekwisha kurudishwa zamani. Mikono inaanza kutetemeka ku miaka 60. Mtu anaenda kuonyesha dosie yake, na mwenye kukaa nyuma ya meza anamwambia: "Mzee, leta karatasi inayoonyesha kwamba ni jeshi lilikugonjwesha." Karatasi ipi? Aliyepaswa kuiandika karatasi ile ni yule yule anayeiomba.

Hapa Kamina tunajua muzuri hali hiyo, kwa sababu mji wetu ni mji wa treni na wa jeshi. Baka, base ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita ya Pili ya Dunia, imeona kila jeshi la inchi hii: Force Publique, Gendarmes wa Katanga, walinda amani wa ONU, jeshi la Mobutu, FAC ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, na leo FARDC. Kila mara jina linabadilika, na kila mara jina likibadilika karatasi za wale wa zamani zinabaki nyuma. Mzee mmoja wa mtaa wetu ametumika chini ya majina matatu. Ana matrikile mbili. Akikohoa usiku nyumba tatu zinamsikia. Ofisi moja ilimwambia aende ofisi nyingine, ile nyingine ikamwambia dosie yake iko Kinshasa. Kutoka hapa mpaka Kinshasa, ninyi wenyewe munajua safari ile.

Tunataka kuwaeleza namna inchi nyingine ilivyopigana na swali hili hili, kwa sababu ni hadisi yenye mafundisho na haijulikani sana kwetu.

Kati ya mwaka 1962 na 1971, jeshi la Marekani lilimwaga dawa ya kuua majani juu ya misitu na mashamba ya Vietnam. Walitaka miti ipukutike ili adui akose pa kujificha, na mashamba yafe ili akose chakula. Ni zaidi ya litre milioni 70. Dawa iliyotumiwa zaidi iliitwa Agent Orange, juu ya mstari wa rangi ya machungwa uliokuwa ku mapipa yake. Ndani yake mlikuwa uchafu uliotoka ku namna ya kuitengeneza, unaoitwa dioksini, sumu ambayo hata kidogo sana inadumu mwilini miaka mingi. Askari waliobeba mapipa yale, waliopita chini ya ndege zile, waliokunywa maji ya mito ile, walirudi kwao wakiwa wazima. Ugonjwa ulikuja nyuma.

Walipoanza kuomba pansio ya ulemavu, serikali yao iliwaambia kile kile mzee wetu anaambiwa: onyesha kwamba ni dawa ile ilikuletea kansa hii. Hakuna daktari duniani anayeweza kuonyesha hivyo kwa mtu mmoja. Kansa haivai karte ya utambulisho. Daktari anaweza kusema tu kwamba kati ya watu waliopulizwa, ugonjwa huu unaonekana mara nyingi kuliko kati ya wasiopulizwa. Mwaka 1984 kampuni zilizotengeneza dawa zilikubali kulipa dola milioni 180 ili kesi isifike mbele ya juri. Ukigawanya kwa wagonjwa wote, ilikuwa pesa kidogo. Mwaka 1989 hakimu mmoja wa California alisema kwamba kanuni ya serikali ilikuwa inadai ushahidi mkali kupita sheria yenyewe, na akaivunja. Ku mwanzo wa mwaka 1991, miaka 20 baada ya dawa kuacha kumwagwa, inchi ile ikapata sheria mpya.

Sheria ile inasema nini? Inasema: kama ulikanyaga udongo wa Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, serikali inachukua kwamba dawa ilikufikia. Na kama una ugonjwa ulio ku liste, serikali inachukua kwamba umetoka ku kazi. Basi. Hauombwi jina la ndege iliyopita juu ya kichwa chako. Anayetaka kukataa, yeye njo alete ushahidi. Liste imekuwa ikirefuka kadiri wataalamu wanavyosoma: kansa za namna mbalimbali, ugonjwa wa sukari, Parkinson, ugonjwa wa moyo, na mwaka 2022 wakaongeza presha ya damu. 

Musifikiri kwamba yote yalikwisha siku ile. Askari wa meli waliokaa baharini bila kukanyaga udongo walingoja mpaka 2019. Waliorushwa ndani ya zile ndege kukuu zilizokuwa zikibeba dawa walingoja mpaka 2015. Mlango ulifunguka inchi moja moja, na kila inchi kulikuwa wazee waliokufa wakingoja. Lakini kitu kimoja kiliwasaidia sana: safari za ndege ziliandikwa. Siku gani, njia gani, litre ngapi, dawa gani. Miaka 30 na zaidi baadaye, mwaka 2003, wataalamu walichukua madaftari yale na kuchora ramani ya kila mahali palipomwagwa. Daftari la kapiteni mmoja mwenye kuandika safi limesaidia watu wengi kuliko hotuba za wakubwa.

Hatusemi haya juu ya kusifu Marekani. Wavietnam wenyewe, ambao dawa ilimwagwa juu ya watoto wao na mashamba yao, walienda mahakamani New York na mwaka 2005 hakimu akaikataa kesi yao. Ni serikali yao ya Vietnam inayowapa posho. Na sisi wa Katanga tuna sababu yetu ya kukunja uso. Uranium ya bomu ya Hiroshima ilitoka kwa wingi Shinkolobwe, kando ya Likasi, ikichimbwa na mikono ya babu zetu. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa wachimbaji wake wa uranium waliogonjwa mapafu: dola 100.000 kwa mtu. Mchimbaji wa Shinkolobwe hayumo ndani ya sheria ile. Kanuni ni nzuri, lakini inafika tu pale ambapo mwenye kugonjwa ana serikali ya kumsemea.

Basi turudi kwa serikali yetu.

Tunajua mutasema: Leta ya Kongo haiwezi. Lakini wazo hili liko ndani ya sheria zetu tayari. Sheria no 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ile ya CNSS, inajua kitu kinachoitwa ugonjwa wa kazi. Mfanyakazi wa kampuni ya mugodi pale Likasi ao Kolwezi, akigonjwa ugonjwa uliotoka ku kazi yake, ana mlango wa kupiga hodi, na mwajiri njo anayelipa sehemu hiyo ya mchango, si mfanyakazi. Na mwanajeshi? Statut yake, sheria no 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inaongelea matunzo na pansio. Ku karatasi ni vizuri. Lakini mutuonyeshe kwetu Kamina liste ya magonjwa. Mutuonyeshe meza ambako mjane anaweza kwenda na kusema: bwana yangu alifanya kazi na mafuta ya ndege miaka 15, na alikufa kwa ugonjwa huu. Mwenye kuchimba shaba anaweza kuwa na ugonjwa wa kazi. Mwenye kulinda ile shaba, ugonjwa wake unaitwa mapenzi ya Mungu.

Hapa kuna watakaotuambia: "Agent Orange haikufika Kamina, munatafuta nini?" Ni kweli, na hatujasema ilifika. Tunaongelea kanuni, na tunaongelea kitu kilicho karibu sana kuliko Vietnam.

Kaniama-Kasese iko ndani ya jimbo letu. Ni pale Service National inalima mahindi ku mashamba makubwa, na tangu miaka michache vijana waliokamatwa Kinshasa chini ya jina la kuluna wanaletwa pale kwa ndege na kwa treni, wafundishwe kazi. Service National iliundwa mwaka 1997 na Mzee Laurent-Désiré Kabila, inaongozwa na jenerali, inatembea kijeshi. Mahindi yake yanafika Mbujimayi, yanafika Kinshasa. Hatuna neno juu ya mahindi. Bukari tunakula sote.

Swali letu ni hili: ku mashamba ya ukubwa ule, majani yanauliwa na nini? Kama ni jembe tu, muzuri, mutuambie tunyamaze. Kama ni dawa, basi tunataka kujua ni dawa gani, na nani anaibeba mgongoni. Kwa sababu dawa hizi hazifanani. Gilifosati, ambayo inauzwa leo hata ku masoko ya vijijini, mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa binadamu. Mashirika mengine, ya Ulaya na ya Marekani, hayakukubali, na ubishi unaendelea mpaka leo. Parakwati haina ubishi mkubwa hivyo: kidogo tu ukimeza inaua, Umoja wa Ulaya umeifunga tangu 2007, na wataalamu wengi wanaichunguza juu ya Parkinson. Kijana anayepuliza bila kifuniko cha pua na cha mikono, jua kali, upepo unamrudishia usoni, halafu ananawa mahali wenzake wanateka maji ya kunywa, huyo kesho atakuwa mzee mwenye kuombwa karatasi.

Sasa hivi, leo, karatasi ile ni nyepesi kabisa kuiandika. Daftari moja la shule linatosha. Tarehe, shamba, jina lililo ku etiketi ya bidoni, jina la aliyepuliza, saa alizofanya, na kama aligonjwa siku ile. Kopi moja ibaki kambini, moja iende ku zone ya afya, moja apewe kijana mwenyewe akimaliza muda wake, pamoja na cheti chake. Hakuna mfadhili wa kungoja, hakuna semina, hakuna hoteli. Miaka 20 kutoka leo, daftari lile litakuwa na bei kuliko nyumba. Na jambo hilo hilo tunaliomba kwa Baka na kwa kambi zote: mwanajeshi akiacha jeshi, apewe karatasi inayosema alifanya kazi wapi, na kitu gani, miaka mingapi.

Tunajua majibu yatakayokuja, tumekwisha kuyasikia. La kwanza: pesa hakuna. Vita iko mashariki, kila franka inaenda kule. Mwezi Machi 2025 tulisikia kwamba mushahara wa wanajeshi umepandishwa mara mbili, na tulifurahi, wale ni ndugu zetu. Lakini mushahara ni wa mwenye kusimama. Sisi tunaongelea mwenye kulala. Na kuandika daftari hakuombi pesa ya vita.

La pili lina nguvu zaidi: mukifungua mlango huo, wadanganyifu watajaa. Inchi hii ilikuwa na askari wa ku karatasi tu, majina yanayolipwa bila miili. Kwa nini wasije wagonjwa wa ku karatasi? Hatulichezei jibu hili. Lakini tunakumbusha kwamba tangu 2005 mission ya Umoja wa Ulaya, EUSEC, ilisaidia kuhesabu wanajeshi wetu, kuwapa karte, na kutenganisha anayeamuru na anayelipa. Majina yako. Vidole vilichukuliwa. Kama Leta inajua kumtambua mwanajeshi siku ya kumtuma Goma, itajua kumtambua siku ya kumtunza. Tena mdanganyifu ana nafasi nzuri zaidi pale ambapo hakuna daftari. Anayeumizwa na kukosa daftari ni mkweli asiye na mutu ku ofisi.

La tatu halisemwi kwa sauti, lakini njo linalotenda kazi: ngojeni tu, watakufa. Mwaka 2014 tuliona namna hiyo ilivyo. Wapiganaji waliokuwa wameweka silaha chini walipelekwa mbali na kwao, Kitona, Kotakoli, na hapa kwetu Kamina. Kule Kotakoli, shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba watu zaidi ya 100, wapiganaji wa zamani na wake zao na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa wakiwa mikononi mwa Leta. Hawakupigwa risasi. Walisahauliwa. Hata heshima nasi tunaipokea kwa kuchelewa: kaplari Albert Kunyuku, aliyepigana Vita ya Pili ya Dunia ndani ya Force Publique, alivishwa medali na mfalme wa Ubelgiji hapo Kinshasa tarehe 8 Juni 2022, akiwa na miaka 100 hivi. Tulipiga makofi. Halafu mmoja wetu akauliza ni wangapi waliokufa ku miaka 70, 80, 90, na hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tunasema wazi tunachotaka. Ministeri ya Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani, kwa sababu ndivyo inavyoitwa, itoe liste ya magonjwa na liste ya kazi zinazoyaleta, na iandike ku kanuni kwamba aliyefanya kazi ile na kuwa na ugonjwa ule haombwi ushahidi mwingine. Service National iseme hadharani dawa zinazotumiwa Kaniama-Kasese, kama ziko, na ifungue daftari. Wabunge wetu wa jimbo, ambao tunawaona wakati wa kampeni tu, wamuulize gavana swali hili ndani ya kikao, lipate kuandikwa. Na mpaka hayo yafanyike, kijana wa Kamina anayeambiwa aende kuandikishwa ana haki ya kuuliza kwanza: nikigonjwa, dosie yangu itaitwaje? Asiitwe mwoga kwa kuuliza hivyo.

Artikle 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kuandika petisyo kwa wakuu, na inawapa wakuu miezi mitatu ya kujibu. Tumekwisha kuiandika. Tunapita mtaa kwa mtaa, tutafika mpaka Kaniama na Malemba-Nkulu kadiri nauli itakavyoturuhusu. Siku tutakapoiweka, tutatangaza tarehe hapa, na kuanzia siku ile kila juma tutaandika siku zinazobaki.

Ba papa wa zamani wa Baka, na ninyi ba mama wajane: kama muko na karatasi yoyote, hata iliyochanika, hata ya wakati wa Zaire, karte ya matrikile, barua ya kuhamishwa, kitabu cha hospitali ya kambi, mutuletee tuitoleshe kopi bila kulipa. Originali musimwachie mtu yeyote, hata sisi.